Kilalio cha Mkono wa Kushoto

Nyuma ya mkono, pale unapojigonga kwenye mwimo wa mlango ukaona nyota mchana, pana jina. Wengine husema kiwiko, wengine kisugudi, na kila mtu anajua unasema nini. Lakini geuza mkono, kiganja kitazame juu, uangalie upande wa pili wa kiwiko hicho hicho, penye ngozi laini na mistari miwili mitatu ya kukunjia. Pale hapana jina. Nimewauliza watu wengi, wavuvi na masheikh na walimu wa shule, na kila mmoja ameushika mkono wake mwenyewe, akapakodolea macho, akasema, "Si hapa… hapa pa kukunjia."

Nyumbani kwetu, kisiwani Funzi, palikuwa na jina. Shangazi yangu, dada yake baba, alipaita kilalio. Yeye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu alifariki nikiwa na siku tisa, na baba hakujua hata mtoto anashikwa vipi. "Lete kichwa hapa kwenye kilalio," alikuwa akiniambia, hata nilipokuwa nimeshaanza madrasa na miguu yangu inaning'inia nje ya mapaja yake. Nikalaza kichwa katika mkunjo wa mkono wake wa kushoto, na ule wa kulia ukaendelea na shughuli zake. Nilidhani ni neno la kila mtu. Nilipolitumia shuleni watoto walinicheka, nikapigana na mmoja wao, na mpaka leo sijutii.

Shangazi hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Alisuka ukili wa mikeka tangu jua kuchomoza, akaupima kwa mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na ole wake mnunuzi aliyeleta mkono wake mwenyewe kuhakikisha. Juu ya kilalio, kama vidole vinne hivi, alikuwa amefunga hirizi: kifuko kidogo cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, chenye uzi wa pamba uliosokotwa mnene. Sikupata kumwona bila hirizi hiyo. Alioga nayo, akalala nayo, na uzi ulipochakaa alifunga mpya kwanza ndipo akakata wa zamani. Nilipomuuliza ni ya nini aliniambia, "Kula wali wako."

Mwaka wa pili baada ya uhuru nilikwenda kusomea uuguzi. Siku zile Wazungu walikuwa wakifunga masanduku yao mmoja mmoja, na hospitali zilitafuta wasichana waliomaliza darasa la nane, wenye mikono safi na wasioogopa damu. Majirani walimjia shangazi kumwambia kwamba msichana wa Kiislamu anakwenda kushika miili ya wanaume. Aliwauliza, bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Na nyinyi mkiugua, mtashikwa na nani?" Wakaondoka. Kesho yake akanivusha mwenyewe mpaka bara, na begi langu akalibeba kichwani kwa sababu alisema mimi nitalitia maji.

Pale hospitalini, upande wa Msambweni, tulikuwa wasichana sita. Daktari alituandikia majina ya Kiingereza ubaoni, nasi tukayanakili bila kuyaelewa. Aliyetufundisha mkono wenyewe alikuwa dresa mzee kutoka Taru, mtu wa ng'ombe na wa kanisa, aliyekuwa akifunga vidonda vya watu tangu sisi hatujazaliwa.

"Kunja mkono, kiganja juu," alisema. "Kaza kama unayebeba ndoo. Hiyo kamba iliyosimama katikati ndiyo kano ya msuli wako wa mkono wa juu. Haya, sogeza kidole kije upande wa mwili, kidogo tu. Bonyeza taratibu. Unasikia kitu kinapiga?"

Tulisikia. Sote sita, kila mmoja ameshika mkono wake.

"Hiyo ni ateri. Pembeni yake, ukizidi kuja ndani, pana neva. Hiyo huisikii kwa kidole, lakini mgonjwa wako ataisikia ukiichoma, na wewe utamsikia yeye."

Kano, ateri, neva, kutoka nje kuja ndani. Tulizikariri kwa herufi zao za mwanzo: kaka alale nje. Tukapita korido nzima tukisema kaka alale nje, kaka alale nje, mpaka wagonjwa wa wadi ya wanaume wakauliza ni kaka gani huyo na amekosa nini.

Kisha akatufundisha nyumba. "Nyinyi watu wa pwani mna nyumba zenye adabu," alisema. "Mgeni haingii moja kwa moja. Basi na mkono ni hivyo hivyo." Ile mishipa ya buluu inayoonekana chini ya ngozi, alisema, ndiyo baraza, mgeni wa sindano hukaribishwa hapo. Chini yake pana utando mweupe, mwembamba lakini mgumu, unaotoka kwenye ile kano na kutanda kuelekea upande wa ndani. Huo ndio pazia. Nyuma ya pazia wanakaa wenye nyumba, ateri na neva. "Mungu aliliweka pazia akijua mtakuja nyinyi na sindano zenu. Piga hodi barazani, kaa barazani, maliza haja yako, uondoke."

Mimi niliingia ndani.

Tulikuwa tukijifunza sisi kwa sisi, na mwenzangu, msichana mpole wa kutoka Kwale, alinitolea mkono wake huku akitazama pembeni. Mkono wangu ulikuwa na haraka. Siku zote nilikuwa mtu wa haraka. Nikasukuma sindano kwa nguvu za mtu anayetoboa nazi. Damu iliyoingia kwenye bomba haikuwa ile nyeusi ya polepole. Ilikuja nyekundu kali, ikisukumwa, ikipiga hatua kama inayotembea. Dresa alinitoa pale kwa bega, akachomoa sindano, akabonyeza pamba kwa kidole gumba muda mrefu sana. Mwenzangu hakudhurika, alipata tu alama ya zambarau ya wiki moja, akanisamehe siku ile ile. Dresa ndiye hakunisamehe haraka. "Umetoboa pazia la watu," alisema. "Utakaa bila sindano mpaka nitakapokwambia."

Basi nikakaa bila sindano. Nilibeba mabakuli, nikabadilisha mashuka, nikafua. Nililia chooni, na sitaki kudanganya, nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa majuto. Majuto yalikuja baadaye, nilipogundua kwamba hata kumbonyeza mgonjwa mkono kutafuta mpigo kulinitetemesha vidole. Nilikuwa nimeanza kupaogopa mahali nilipolala utoto wangu wote.

Wiki ya tatu ya adhabu yangu, asubuhi, waliingia wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba. Nilimtambua shangazi kwa leso kabla sijamtambua kwa uso. Alikuwa na homa siku ya nne, anatapika hata maji, na macho yalikuwa yamezama. Nilisema shikamoo. Akaitika marahaba kwa midomo tu, sauti haikutoka. Sikuwahi kumwona shangazi akikosa sauti.

Daktari alimtazama, akavuta ngozi ya tumbo lake, ngozi ikabaki imesimama pale ilipovutwa. Alisema asipoingizwa maji mshipani asubuhi ile, hatafika jioni. Akamwachia dresa kazi hiyo, kwa kuwa aliitwa kwa mwanamke aliyekuwa akijifungua chumba cha pili. Chupa ilitundikwa. Wauguzi wawili wakubwa, wenye mikono mizuri kuliko yangu kwa mbali, walijaribu mkono wa kulia, mmoja baada ya mwingine. Mishipa ilikuwa imelala kabisa. Mmoja ulipatikana, ukapasuka, pakavimba. Dresa akasema wahamie mkono wa kushoto.

Shangazi akauingiza mkono wa kushoto chini ya leso.

Dresa alimwomba kwa adabu. Alimwita mama, akamweleza. Aliuona ule uzi na ile hirizi, akasema lazima ikatwe, maana ndio utaratibu wa wadi: mkono wa dripu haufungwi kitu kisicho cha hospitali. Muuguzi mmoja akaleta mkasi. Shangazi, ambaye dakika ile hakuwa na nguvu za kufukuza nzi, aliubana ule mkono ubavuni kwa namna ambayo watu wawili wasingeutoa bila kumuumiza.

"Mama, hirizi hii haina kazi hapa," dresa alisema.

"Haina kazi kwako," shangazi akasema. Sauti ilikuwa imerudi kidogo, na ilirudi na ukali wake.

Hapo mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda na bakuli mkononi, nikiona chupa imejaa na haishuki, na nikaogopa sana, na mimi nikiogopa hukasirika. Nikamwambia mbele ya watu, "Shangazi, wataka kufa kwa ajili ya kitambaa? Wataka kuniacha kwa ajili ya kitambaa?"

Akanipungia kidole nije karibu, nami nikainama.

"Si yangu hii," alisema. "Ni yako."

Sikuelewa. Akanieleza kwa vipande, akipumzika baina ya neno na neno. Nilipoachwa na mama nilikuwa silali na sinyonyi, nikawa mdogo kuliko nilivyozaliwa. Alinipeleka kwa mwalimu wa madrasa, akanisomea, akaandika hirizi. Lakini shingo yangu ilikuwa nyembamba mno kubeba uzi, na mkono wangu haukuwa na unene wa kidole. Mwalimu akasema basi ifungwe mkononi kwa anayenipakata, pale kichwa changu kitakapoigusa, na isivuliwe maadamu ni mtoto asiye na mama. Usiku ule nililala. Na yeye hajaivua tena.

"Nikiivua leo," alisema, "na wewe washika watu wenye maradhi kutwa kucha, utakingwa na nini?"

Wako watu wenye elimu wanaozikataa hirizi, na wana hoja zao, nami nimezisikia na nimezikubali nyingi. Lakini pale kitandani sikuwa na hoja. Nilikuwa nimemtukania kitu ambacho alikuwa amenibebea miaka kumi na tisa, na nilitamani sakafu inimeze. Nilimshika mkono ule wa kushoto juu ya leso.

"Haikatwi," nilimwambia dresa niliposimama. "Nakuomba. Haikatwi."

Yule mzee wa Taru alinitazama, akamtazama shangazi, akaitazama chupa. Akamwashiria muuguzi aweke mkasi chini.

"Mama, hatuikati," alisema. "Utatupa mkono?"

"Nitampa huyu," shangazi akasema, akimaanisha mimi. "Mwengine asinishike hapo."

Dresa alijua vidole vyangu vilivyo. Sidhani pana mtu pale aliyejua zaidi. Hata hivyo akaniambia, "Nenda kanawe."

Niliporudi alikuwa ameshamnyosha mkono juu ya mto. Nikaona kilalio cha shangazi kwa mara ya kwanza kama muuguzi anavyopaona: ngozi nyeupe kuliko mkono wote, mistari mitatu ya mkunjo, na hakuna mshipa hata mmoja uliojionyesha. Nilichukua mpira wa kufungia mkono ili mishipa iinuke, nikataka kuufunga juu ya kiwiko, na hapo ndipo palipokuwa na ile hirizi. Ukifunga mpira juu yake unateleza; ukifunga chini yake huna nafasi ya sindano. Shangazi alikuwa amekonda, na uzi uliokuwa ukimbana zamani sasa ulilegea. Nilipitisha kidole chini yake. Ulikuwa uzi mgumu, mnene, wa mtu aliyekusudia usikatike. Nikaweka mpira kando. Nikashika kifuko cha hirizi nikakisokota, mara moja, mara mbili, mpaka uzi ukambana mkono sawasawa, nikamwambia mwenzangu wa Kwale, aliyesimama kando yangu, akishikilie hapo hapo.

Dresa aliinama kutazama kwa karibu zaidi.

Nikampigapiga shangazi pale kwa vidole viwili. Nikasubiri. Nilitafuta kano kwanza, nikaipata. Nikatafuta mpigo, nikaupata, dhaifu na wa haraka, nikajua hapo ndipo nisipopita. Kaka alale nje. Halafu, juu ya hayo yote, taratibu, mstari wa buluu ukaanza kuinuka chini ya ngozi.

"Barazani tu," dresa aliniambia sikioni. "Usiingie ndani."

Niliingiza sindano kwa kulaza, polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote maishani. Nilisema bismillahi, na nadhani niliisema kwa sauti. Damu nyeusi, nzito, isiyo na haraka, ikachungulia kwenye mpira wa dripu. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Mwenzangu aliachia hirizi ikajisokotoa yenyewe na kukaa mahali pake, na maji ya chupa yakaanza kudondoka.

Walimfunga mkono kwenye kibao ili asiukunje. Hadi adhuhuri hali yake ilikuwa ile ile. Baada ya alasiri alikojoa, na dresa alifurahi kama aliyeletewa habari ya ndama. Jioni shangazi alifungua macho, akautazama mkono wake kwenye kibao, akauliza ni nani aliyemfunga kama mbuzi wa hitima. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za wadi, nikalia, na safari hii haikuwa hasira hata kidogo.

Kesho yake dresa alinirudishia sindano. Alisema, "Una mkono. Ulikuwa unakosa woga tu."

Miaka mitatu baadaye niliolewa, na mwaka wa nne nikajifungua mtoto wa kike, hapo hapo hospitalini. Shangazi alivuka kutoka Funzi na kikapu cha vitu ambavyo hospitali haikuvihitaji. Aliniangalia mimi kwanza, kwa ukali, kama anayehakikisha sijapunguzwa kitu. Ndipo akaketi kwenye kiti, akaunyosha mkono wa kushoto, akasema, "Lete kichwa hapa."

Nilimlaza mtoto. Alikuwa amelia tangu asubuhi. Wauguzi wenzangu wote walikuwa wameshambeba. Aligeuza uso kuelekea kifuani mwa shangazi, sikio moja likalala katika ule mkunjo, akanyamaza. Sikuamini. Kwa mazoea ya kazi nikaingiza kidole taratibu baina ya sikio la mtoto na ngozi ya shangazi. Kano. Kisha, upande wa mwili, upana wa kidole kimoja tu, ule mpigo. Sikio la mtoto lilikuwa limelala juu yake hasa.

"Wamtafuta nini mtoto?" shangazi aliuliza.

"Naitafuta ateri."

"Ndio nini?"

"Hiki kinachopiga."

"Aa," alisema. "Hicho. Ndicho kilichokuwa kikikulaza wewe. Wadhani ni nyimbo zangu?" Shangazi hakujua kuimba, na alijua hivyo.

Nikabaki nimeshika pale. Nilikuwa nimefundishwa kuogopa kilicho nyuma ya pazia, na nimewafundisha wasichana wengine kukiogopa, na ni sawa; lakini hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nikikisikiliza kabla sijajua jina langu.

Mtoto akajinyoosha, kichwa kikapanda juu kidogo, kikagota kwenye hirizi. Akakunja uso. Shangazi akasema, "Ifungue hii. Yamuumiza."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi haikuniumiza?"

"Wewe ulikuwa mbishi. Ungelala hata juu ya jiwe. Ifungue."

Sikuigusa. Nilikuwa mwanamke mzima, muuguzi mwenye cheti, nimeolewa, na nikaona woga wa mtoto mdogo unanipanda kutoka miguuni. "Ulisema haivuliwi," nikamwambia.

"Ile ilikuwa ya mtoto asiye na mama," alisema, akimtazama huyu aliyelala. "Huyu anaye."

"Na mimi je?"

Shangazi aliinua macho. Alinikazia yale macho yake ya kupimia ukili, kana kwamba nimemletea mkono wangu mwenyewe kuhakikisha.

"Wewe pia unaye," alisema. "Au hukujua?"

Nilikuwa nimemwita shangazi tangu nianze kusema. Nilipiga magoti kando ya kiti chake, nikalifungua lile fundo kwa meno, na nikamwitikia, "Nilijua, mama."